DJ unayetafsiri muvi, yule binti ana miaka 15! Mbona hukusema?

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nina hasira, mods mkiona lugha imechachuka mnivumilie.

Ijumaa jioni mvua imenikamata Manzese, nikajibanza kibanda umiza, hivi vibanda vya kuonyeshea video. Kiingilio mia tatu. Mechi bado, wameweka muvi ya kutafsiriwa, zile DJ anaongea Kiswahili juu ya picha. Kuangalia vizuri, mbona naijua! Fish Tank, ya Uingereza, mwaka 2009, kazi ya mama mmoja anaitwa Andrea Arnold. Ilibeba Tuzo ya Majaji kule Cannes mwaka huohuo. Mimi niliiona chuoni kwenye laptop ya rumeti na usiku ule usingizi ulikuja kwa shida. Nikasema haya, leo vijana wa uswazi wanaona kitu cha maana.

Weee!

Kwa ambao hamjaiona: kuna binti anaitwa Mia, anaishi na mama yake na mdogo wake kwenye maghorofa ya watu wa hali ya chini huko Essex. Shule hasomi, mama kutwa chupa na matusi, rafiki hana. Anachokipenda ni kudansi, tena peke yake, kwenye chumba kitupu. Mama analeta bwana mpya, Connor. Jamaa mcheshi, anamsifia binti anavyodansi, anamwazima na kamera. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumjali hivyo. Mtego ndio huo, na Arnold kautega taratibu hadi wewe mwenyewe uliyekaa hapo unaanza kumpenda Connor, halafu baadaye unajionea aibu.

Mia ana miaka 15. Umri huo DJ hakuutaja hata mara moja. Kwake alikuwa "demu", "mtoto mkali", "kifaa".

Kuna sehemu wanatoka kutembea, Connor anaingia majini na kukamata samaki kwa mikono. Mia naye anaingia, anatoka kaumia mguu, jamaa anamfunga kidonda na kumbeba mgongoni. Maneno machache mno pale. Ule ukimya ndio unaokutisha, maana unaona kabisa nani anakamatwa. DJ wetu: "Haya sasa, samaki wawili kwa mpigo! Mama baki na chupa yako!" Kibanda kizima kikalipuka.

Halafu kuna farasi mzee kafungwa mnyororo, Mia anahangaika na jiwe kumfungua. DJ: "Hapa hamna stori, tunasogeza." Na akasogeza kweli! Ndugu yangu, stori yote ilikuwa kwenye ule mnyororo.

Connor anamtenda yule mtoto unyama, asubuhi katokomea, mama analia chumbani. Mia anamfuatilia hadi kwake, anakuta kumbe ana mke na mtoto mdogo wa kike. Unajua DJ kasema nini? "Mchepuko kavamia kwa bi mkubwa!"

Mchepuko. Mtoto wa miaka 15.

Hapa kwetu Tanzania tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima akimfanyia hivyo binti wa miaka 15 ambaye si mke wake ni ubakaji, hata binti akisema alikubali, na jela yake si chini ya miaka 30. Na jina la Connor tunalo siku zote, ni fataki, yaani mtu mzima anayerubuni mabinti wadogo! Yale matangazo ya redioni hadi bibi yangu kijijini aliyajua. Neno lipo, fupi, linaeleweka na kila konda. DJ angesema tu "huyu fataki" pale mwanzoni, kibanda kingeiona muvi nyingine kabisa.

Msinielewe vibaya, sipingi utani. Nimekulia kwenye sauti ya marehemu Lufufu, mtafsiri muvi wa zamani, mbavu ziliniuma utotoni. Ila zile zilikuwa muvi za ngumi: mtu anarushwa dirishani na Mchina, ukimtania nani anaumia?

Mbele yangu alikaa dogo, darasa la tatu sanasana, ananyonya ashkrimu ya mfuko. Uingereza kwenyewe ile muvi imewekewa miaka 15 kwenda juu. Kulia kwangu mabinti wawili wa sekondari, sketi za shule bado wamevaa. Mmoja alicheka na wenzake kwenye samaki. Kwenye "mchepuko" hakucheka, akaangalia chini hadi mwisho.

Tena huo mwisho wenyewe hatukuuona. Mia anaaga kuhama nyumbani, na yeye na mama yake na mdogo wake wanadansi sebuleni, mama anashindwa kumwambia mwanawe chochote. DJ kaukata, kaweka tangazo la muvi yake mpya na namba ya simu. Nikapiga palepale. Kanijibu, "Bro, watu wanataka kucheka, we vipi?" Akakata.

Sasa najua mtakuja humu kumtetea. Karibuni, ila kila anayekuja aanze kwa kuandika binti yake ana miaka mingapi.