Data ya viza za kazi Marekani, hizi LCA na PERM zinasomwaje?

kijana_wa_fuoni
Asalaam alaykum. Kuna kampuni ya softwea ya Marekani imenifanyia intavyuu mara tatu kwa video, wanasema wakinichukua watanishughulikia viza ya H-1B, ile ya kazi ya muda, na baadae grinkadi, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Basi nikaingia websaiti ya Wizara ya Kazi ya kule nikashusha yale mafaili ya eksel, laptop ikaganda mara mbili, nikatafuta jina lao nikakuta LCA mamia kwa mamia lakini PERM chache mno, na mwaka mmoja hamna hata moja. Ndio kusema wanachukua watu kisha hawawapi makaratasi? Na mishahara niliyoona mle ni midogo kuliko waliyonitajia mie. Naogopa maana nna kazi nzuri hapa Fumba na mama hali yake si nzuri, sitaki kuondoka kwa maneno matupu.

mtu_wa_chake
Waalaykum salaam mdogo wangu. Usihesabu LCA ukadhani unahesabu watu. Ile ni ahadi ya mwajiri kuwa hatalipa chini ya mshahara wa soko kwa kazi ile na mji ule, Wizara inaipitisha ndani ya siku 7 za kazi na wanachoangalia ni kama imejazwa sawa. Mtu akiongezewa muda inatoka nyengine, akihamishiwa mji mwengine inatoka nyengine, akihama kampuni vilevile. Mie peke yangu nilitolewa tatu.
PERM, yaani ombi la mwajiri kwa Wizara ya Kazi, ndio mwanzo wa safari ya grinkadi ya kazi, na kampuni nyingi hazikuanzishii mpaka ushakaa muda. Huo mwaka mtupu tazama kama walipunguza wafanyakazi, maana aliyepunguza watu wa kazi ileile eneo lilelile lazima kwanza awaarifu wale aliowaachisha katika miezi 6 iliyopita kuhusu nafasi hiyo, ndio maana wengi husimamisha kabisa. Google walisimamisha 2023 baada ya kutangaza kupunguza watu 12,000. Kama mwaka uliofuata zimerudi, hapo pana matumaini.
Mshahara wa mle ni ule wa msingi tu, hisa na bonasi hazimo.

bint_mkunazini
Kaka mie naona swali lako kubwa liko kwengine. Wengi wa kwenye faili hilo wako kulekule tayari, wamesoma huko au wanaongezewa muda. Wewe uko Unguja. Tokea Septemba 2025 ombi jipya la mtu aliye nje lina malipo ya dola 100,000 juu ya mwajiri, na bado kuna kura ya bahati nasibu, nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada za waliochukua masta kule. Waulize wazi kama watalipa, tena kwa imeili. Na wakikwambia gharama za PERM na wakili wake ulipe wewe, sheria yao hairuhusu.

wete_2
kwani grinkadi si ile lotari ya kila mwaka?

mtu_wa_chake
@wete_2 hiyo ni njia nyengine, haihitaji mwajiri. Ya kazi kila nchi ina kikomo cha asilimia 7, Wahindi ndio wanaosubiri miaka mingi kwa wingi wao, sie Watanzania foleni yetu ni fupi kuliko yao.

kijana_wa_fuoni
Allah awalipe kheri. Nimerudi kwenye faili, PERM zimerudi mwaka uliofuata na nyingi ni za mainjinia. Imeili ya hizo dola 100,000 nimeshaituma, na kazi ya Fumba siachi mpaka wanijibu kwa maandishi.