Kikasha gani cha kuingilia seva kinabeba monita mbili za 2560×1440?

fundi_wa_Walukuba
Habari zenu wakuu. Ofisi yetu ya uhasibu hapa Jinja ina seva ya Windows iliyoko Kampala, watu huingia kwa RDP, njia ya Windows ya kutumia kompyuta iliyo mbali. Bosi keshanunua monita za inchi 27, za pikseli 2560×1440, mbili kila meza, bila kuuliza zitachomekwa wapi. Nimeletewa vikasha, yaani kompyuta ndogo za mezani za kuingilia seva, vya aina tatu: mitumba yenye chipu ya Tera2321, Dell Wyse 5070 zilizotumika, na Raspberry Pi 4. Za Tera ndizo za bei ya chini kuliko zote, na muuzaji anaapa zinafika 2560×1600. Nisaidieni kabla pesa haijatoka.

adui_wa_VGA
Muuzaji hajadanganya, ila kakupa nusu ya habari. Tera2321 inafika 2560×1600 kwa skrini moja. Ukichomeka mbili, kila moja inaishia 1920×1200. Ya kubeba mbili za 2560 ni Tera2140. Na monita ya 1440 ukiilisha picha ndogo kuliko yake, herufi zinaingia ukungu. Mhasibu atakuwa anakisia kama ile ni 3 au 8.

kijana_Arua
Mnahesabu pikseli za nini? Tera haijui RDP kabisa! Inajua PCoIP tu, njia nyingine ya kuleta skrini kutoka seva, ile iliyotumiwa na akina VMware Horizon (siku hizi Omnissa Horizon) na Amazon WorkSpaces. Kwa seva yake hiyo ni pambo la mezani.

fundi_wa_Walukuba
Ssebo, asante sana. Muuzaji hilo hakuligusia. Tera nje. Pi je?

adui_wa_VGA
Pi 4 ina micro-HDMI mbili. Inatoa 4K (3840×2160) moja kwa Hz 60, yaani picha 60 kila sekunde, tena mpaka uandike hdmi_enable_4kp60=1 kwenye config.txt, faili lake la mipangilio, na utumie tundu lililo jirani na la umeme. Ukitaka 4K mbili, zinashuka Hz 30. Kwa 1440 mbili nimeiona ikienda Hz 60 vizuri. Kinachonikera ni kadi ya SD: umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, iko siku Pi moja itagoma kuwaka, na wewe ndiye utakayepigiwa simu.

mama_mahesabu
Mimi si fundi, ni mtu wa kukaa mbele ya hizo skrini. Msikubali Hz 30 hata mkipewa bure. Mausi inaruka badala ya kwenda, na ukishuka kwenye Excel yenye mistari elfu kadhaa macho yanachoka kabla ya saa sita mchana.

kijana_Arua
Nyabo kasema kweli. Mimi ningechukua Wyse 5070. Hata ile ya Celeron, prosesa ya kawaida, ina DisplayPort (matundu ya monita) mbili na inafika 4K kwa Hz 60, kwa hiyo 1440 haiitoi jasho. Balaa liko kwenye adapta. Vile vya bei poa vya kugeuza DisplayPort kuwa HDMI vingi vinaishia MHz 165 za kasi ya kupitisha pikseli, yaani 1920×1200 basi. 2560×1440 kwa Hz 60 inataka karibu MHz 241. Utalaumu kikasha bure. Kama monita zina DisplayPort, nunua kebo ya DisplayPort moja kwa moja.

mtu_wa_laini
Na laini ya Jinja–Kampala mmeisahau? Monita mbili za 1440 ni pikseli 7,372,800. Mbili za 1080 (1920×1080) ni 4,147,200, mzigo mdogo kwa laini. Mimi ningebaki na 1080.

kijana_Arua
RDP haitumi skrini nzima kila mara, inatuma palipobadilika. Lahajedwali hubadilika kidogo sana. Wakianza kutazama mpira kupitia seva, hapo ndipo utawasikia.

mama_mahesabu
Wanatazama kwenye simu.

fundi_wa_Walukuba
Haya, nakwenda kwa Wyse, ila moja kwanza, na monita mbili nazibeba dukani. Nikiingia kwenye seva na zote mbili hazionyeshi 2560×1440, Hz 60, hela haitoki.

adui_wa_VGA
Na kebo zako mwenyewe. Usitumie za muuzaji.