Natoa jasho lote kwenye sevu, mpira unafika umechoka. Nakosea wapi?

Jogoo wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 38, urefu sentimita 172, natumia mkono wa kulia. Tenisi nilijifunza ukubwani Arusha, huu mwaka wa sita. Februari kazi ikanihamishia Dar, na aibu ikaanzia huku.

Kule sevu yangu, ule mpigo wa kuanzisha pointi, ilikuwa na heshima zake. Hapa kuna mzee mmoja, umri wa baba yangu kabisa, goti kafunga bandeji. Anarusha mpira taratibu, mkono unazunguka kama hataki, nasikia "pah!" na mpira umeshanipita. Mimi napiga mpaka naguna, lakini ama unaishia kwenye neti, ama unavuka umechoka na mzee anausubiri kama mtu aliyefika mapema kituoni. Nikimaliza seti mbili bega linauma kwa mbele, usiku silalii upande wa kulia.

Nimepiga pushapu miezi miwili na nimenunua raketi nzito zaidi, gramu 315. Wapi. Mshiko wangu ni uleule wa forhendi, ule mpigo wa kawaida kiganja kikitangulia. Hii nguvu isiyo na jasho inatoka wapi?

Kaa la Moto
Jogoo la shamba… malizia mwenyewe 😂 Ngoja waje wataalamu.

Fundi Nyuzi
Mkuu, usijilaumu peke yako. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira haupati upinzani mkubwa. Ndiyo maana kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Huku pwani hewa ni nzito, na manyoya ya mpira yakinywa unyevu ndiyo basi tena. Sehemu ya kasi umeiacha mlimani.

Nyuzi zako umefunga pauni ngapi? Kama ni poliesta juu ya 55, shusha hadi 50 au chini yake. Na hiyo raketi mpya irudishe kabatini mpaka bega lipone.

Mama Korti
Nyuzi zitamsaidia kidogo, Fundi, ila ugonjwa kautaja mwenyewe: mshiko wa forhendi.

Kaka Jogoo, ukishika hivyo, raketi ikipanda uso wake unaangalia mbinguni, kama mhudumu aliyebeba sinia la chai. Kutoka hapo unachoweza ni kuusukuma mpira tu, na anayesukuma anatumia bega. Shika raketi kama unavyoshika panga unapotaka kufyeka: ukingo wa fremu ndio utangulie, si nyuzi. Nyuzi zinageukia mpira dakika ya mwisho kabisa, mkono wa chini unapojizungusha kwenda nje. Mzunguko huo pamoja na ule wa bega ndio ile "pah!" ya mzee. Haonekani kutumia nguvu kwa sababu jambo lenyewe linaisha kabla jicho halijaliona.

Nakuonya mapema: wiki ya kwanza mipira yote itakimbilia kushoto na utanichukia. Usirudi kwenye mshiko wa zamani. Sogea mpaka kwenye mstari wa sevu, ule ulio kati ya neti na mstari wa nyuma, raketi ishike kwa vidole vitatu, kidole cha mwisho na cha pete viache hewani, piga polepole. Ukiweza mipira kumi mfululizo, rudi nyuma hatua mbili.

Halafu hilo la kuguna. Ukikaza kiganja, kifundo kinakaza, kiwiko kinakaza, na nguvu iliyotoka miguuni inafia njiani. Kama kubana kwa mwisho ni kumi, wewe bana tatu.

Twiga wa Mikocheni
Tusidanganyane, sevu ni urefu. John Isner, yule Mmarekani wa sevu kali, ana sentimita 208. Mtu wa 172 asevu tu ili mchezo uanze.

Mama Korti
Ashleigh Barty ana sentimita 166. Kachukua Wimbledon 2021 na Australian Open 2022, na sevu ilikuwa silaha yake. Jogoo anamzidi sentimita sita.

Ila Twiga una nusu ya haki. Neti katikati ina sentimita 91. Mpira uliopigwa bila mzunguko, ukienda mstari mnyoofu kutoka mstari wa nyuma mpaka mstari wa sevu, lazima uanzie kama mita 2.6 juu, na hapo unaipita neti kwa unywele. Jogoo akijinyoosha na raketi anafika hapohapo. Kwa hiyo mtu wa kimo chetu akipiga kuelekea chini, neti inamsubiri. Piga kwenda juu na uusugue mpira kidogo, uvutano wa dunia na mzunguko vitaushusha.

Binti wa Rede
Mimi sevu nilifundishwa na rede, sikutanii. Ulipotaka kumpata wa katikati hukusukuma mpira kwa kiganja, ulijipinda, nyonga ikatangulia, mkono ukafuata wa mwisho umelegea. Kaka Jogoo, hujawahi kupopoa maembe? Chukua mipira mikuukuu, simama mstari wa nyuma, irushe kwa mkono mtupu mpaka igonge fensi ya upande wa pili. Mwili unajua tayari, ukishika raketi ndiyo unausahaulisha.

Jingine: mpira wa tenisi utie ndani ya soksi ndefu ya soka, shika mdomo wa soksi, uzungushe kama unasevu. Ukilazimisha, soksi inalegea katikati na mpira unakupiga mgongoni. Fundisho la papo hapo 😅

Tiba Maungo
Bega linalokunyima usingizi si la kufanyia majaribio. Acha sevu wiki mbili, mwone mtaalamu wa viungo. Baadaye, unapopandisha raketi, kiwiko kisipande kupita mstari wa mabega. Ukitaka kimo zaidi inamisha mabega, la kushoto liende juu, la kulia chini.

Jogoo wa Sakina
Mrejesho, wiki ya saba. Wiki mbili nilipumzika, na kwa mtaalamu nilikwenda, nimepewa mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira. Nyuzi sasa ni pauni 49. Wiki ya kwanza ya mshiko wa panga nilipiga mlinzi wa geti mara mbili, samahani zake nimeshampa kwa soda. Wiki ya tatu ikatokea moja, sikuhisi kitu mkononi, nikadhani nimekosa, kumbe mpira uko kwenye fensi.

Zinatoka kama tatu katika kumi. Mzee jana kasogea nyuma hatua moja kunipokea, kisha kanifunga 6–3, maana sevu ya pili, ile nafasi ya mwisho ukikosa ya kwanza, imekuwa majanga. Napunguza kasi ili iingie, inatua katikati ya neti. Mama Korti, mpira wa pili nirushe wapi?

Mama Korti
Wa kwanza ukiuacha udondoke, uangukie ndani ya uwanja, futi moja mbele yako. Wa pili urushe juu ya kichwa, kushoto kidogo. Nyuzi ziupande mgongo kama unasugua masizi ya sufuria kwenda juu. Mkono uende kasi ileile. Kasi ndiyo inayouzungusha, na mzunguko ndio unaoushusha ndani.

Kaa la Moto
Mlinzi wa geti anasema soda moja haikutosha, zilikuwa mara mbili.