Safari ya nje: keshi, kadi ya benki au kadi ya sarafu nyingi?

MgeniNjoo
Habari zenu wakuu. Nina safari ya nje hivi karibuni, ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka, na jambo moja linaninyima usingizi: pesa niibebe kwa njia gani? Naona machaguo matatu. Nibadilishe kila kitu niende na keshi mfukoni. Au nitumie kadi hii hii ya benki niliyonayo. Au nichukue kadi ya sarafu nyingi, ile unayoiwekea pesa kabla kisha unabadilisha mwenyewe kwenye programu ya simu. Hiyo ya tatu inachukua muda kutoka, kwa hiyo kama naitaka natakiwa kuiomba wiki hii. Mwenye uzoefu anisaidie kulinganisha. Kwa kawaida mimi hulipa kwa keshi au simu, kadi naitumia kutolea pesa tu.

HesabuKwanza
Mkuu, "nje" ni kubwa. Unakwenda nchi gani? Malazi umeshalipia au utalipa ukifika? Kadi yako ni ya debiti (inakata pesa yako iliyo benki) au ya krediti (unatumia mkopo wa benki, unalipa baadaye)? Laini yako ya simu itapokea meseji huko? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Kibindoni
Nchi yoyote ile, keshi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na pesa iliyolala kwenye mfumo wa benki ni fimbo ya mbali. Siku mtandao ukigoma utabaki unaangalia kadi. Beba dola za mia za toleo jipya, zile zenye utepe wa bluu zilizotoka 2013, zisizo na mkunjo, mchoro wala mhuri. Noti za zamani bado ni halali kisheria, lakini wabadilishaji wengi huzikataa au huzikata thamani.

NdegeMhamaji
@Kibindoni hapo umempa hasara kabla hajapanda ndege. Kama anakwenda nchi inayotumia euro, akinunua dola nyumbani kisha akaziuza huko kupata euro, amebadilisha mara mbili na amekatwa mara mbili. Hujui hata anakwenda wapi!

MgeniNjoo
Nakwenda Ujerumani kwa mafunzo mafupi, kisha napita Uswidi kumsalimia kaka yangu ndipo nirudi. Malazi ya Ujerumani nalipa nikifika. Kwa Uswidi nitafikia kwa kaka.

NdegeMhamaji
Umechagua nchi mbili zenye tabia za pesa zinazopingana kabisa. Ujerumani bado wanaipenda keshi. Utakuta mgahawa mdogo au duka la mkate limeandika wazi kwamba ni keshi tu, na sehemu nyingine zinapokea kadi lakini ni ile yao ya girocard, siyo Visa wala Mastercard ya mgeni. Uswidi ni kinyume chake. Maduka mengi yamebandika tangazo kwamba hayapokei keshi. Basi za Stockholm hazipokei keshi hata kidogo, unagusisha kadi au unanunua tiketi kwa simu. Kwa hiyo anayekwambia "keshi tu" anakufaa Ujerumani na kukukwamisha Uswidi.

Kibindoni
Sijakwama Uswidi mimi, maana sijaenda. Ila Ujerumani nimekaa na keshi ilinitosha.

Mama_Mikoba
Mwanangu MgeniNjoo, soma haya kabla hujaiweka imani yako yote kwenye kadi moja.

Mimi nilikwenda kwenye mkutano nchi ya Ulaya. Kabla ya kuondoka nilifika tawini kwangu, nikajaza fomu ya kuwaarifu kwamba nasafiri, nchi gani na tarehe zipi, wakaigonga mhuri mbele yangu. Nikafika hotelini usiku. Mhudumu akachomeka kadi, ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu ikaandika kwamba imefungwa. Benki iliona muamala kutoka nchi ya mbali ikadhani nimeibiwa, na fomu yangu iko kwenye faili huko tawini hakuna aliyeiingiza kwenye mfumo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Ili wafungue wanatuma tarakimu za uthibitisho kwa meseji, kwenye laini yangu ya nyumbani, ambayo kule haikushika mtandao wowote. Nikatafuta namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kadi. Ni namba ya bure, na namba za bure mara nyingi hazipigiki ukiwa nchi nyingine. Nikawaandikia barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba watanihudumia siku ya kazi. Ilikuwa Ijumaa usiku. Hoteli wanataka malipo na dhamana, yaani pesa wanayoishikilia endapo utaharibu kitu, kabla ya kunipa ufunguo, nami nimekaa kwenye kiti cha mapokezi na mizigo yangu, pesa ninayo na siwezi kuigusa. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye mkutano, hatukuwa tunajuana hata jina, ndiye aliyenilipia. Mungu ambariki popote alipo.

Na haikuishia hapo. Kadi ilipofunguliwa Jumatatu, nikakuta yale majaribio mawili ya kwanza yamezuia pesa kila moja kwa kiasi kamili cha malazi. Haikulipwa kwa hoteli, na kwangu haitumiki. Ilikaa hivyo hadi nimesharudi nyumbani. Hoteli wanasema ni benki, benki wanasema ni hoteli.

Tangu hapo sisafiri na kadi moja.

Mzururaji
Pole sana mama. Ila ubaya hapo ni wa benki, siyo wa kadi. Kadi za sarafu nyingi unazifungua na kuzifunga mwenyewe kwenye programu, uthibitisho unakuja kwa intaneti, huhitaji meseji. Na unaona kiwango cha kubadilisha kabla hujabonyeza. Mimi sina tena haja ya kitu kingine.

HesabuKwanza
Nazipenda pia, lakini tuseme yote. Moja, baadhi yake huongeza makato mwishoni mwa wiki kwa sababu masoko ya fedha yamefungwa, kwa hiyo badilisha pesa yako siku za kazi. Mbili, zina kikomo cha kutoa pesa kwenye ATM kwa mwezi, ukikivuka unakatwa. Tatu, na hii ndiyo inayomhusu mwenye mada: kadi ya kulipia kabla kama hizi mara nyingi hukataliwa kwenye dhamana ya hoteli, na wakodisha magari wengi hutaka kadi ya krediti yenye jina la dereva. Ndiyo maana nimeuliza kadi yake ni ya aina gani. Dhamana ikiwekwa kwenye kadi ya debiti, pesa inayozuiwa ni yako ya kula. Ikiwekwa kwenye krediti, inapunguza tu kiwango cha kukopa.

Mzururaji
Dhamana ni hoteli na magari tu. Kwa matumizi ya kila siku hakuna kinachoishinda.

BintiRisiti
Naongeza jambo ambalo halijaguswa na linakula watu pesa kimyakimya. Ukilipa kwa kadi au ukitoa pesa kwenye ATM huko, kioo kitakuuliza: ulipe kwa sarafu ya hapa au kwa sarafu ya nyumbani kwenu? Kinaonekana kama wema, kwamba utaona bei unayoielewa. Usikubali. Ukichagua ya nyumbani, anayepanga kiwango ni mwenye mashine na mshirika wake, na faida yake ameshaiweka ndani. Chagua sarafu ya nchi uliyopo daima: euro Ujerumani, krona Uswidi. Hasa zile ATM zilizosimama peke yake kwenye viwanja vya ndege na mitaa ya watalii, zina maandishi makubwa kwenye kitufe wanachotaka ubonyeze. Tafuta ATM iliyo kwenye ukuta wa benki yenyewe.

MgeniNjoo
Asante dada BintiRisiti, hili sikulijua kabisa. Mama Mikoba pole sana, umenifungua macho. Je, nikiwa na euro za keshi naweza kuzitumia Uswidi? Si wote ni Umoja wa Ulaya?

NdegeMhamaji
Umoja mmoja, sarafu tofauti. Uswidi wana krona, ziko zaidi ya kumi kwa euro moja. Denmark nao wana krona zao, ni nyingine kabisa. Uswisi, kwa kuwa watu huichanganya na Uswidi, ina faranga na wala haimo kwenye Umoja. Na ukibeba keshi ya euro 10,000 au zaidi kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya ni lazima uitangaze forodhani kwa maandishi. Sidhani kama inakuhusu lakini wapo wanaobebeana pesa za ukoo mzima.

Kibindoni
Mnasema kadi, kadi. Hamjazungumzia tabia. Mtu akiwa na kadi anatumia bila kuhisi. Keshi ikipungua mfukoni unaiona kwa macho, unajirudi.

HesabuKwanza
Hapo nakuunga mkono, na kuna ushahidi. Watafiti wawili, Prelec na Simester, walichapisha mwaka 2001 jaribio la mnada wa tiketi za mpira wa kikapu wa Boston Celtics. Kundi moja liliambiwa litalipa kwa kadi, lingine keshi. Wa kadi walifika hadi kutaja bei mara mbili ya wenzao, kwa tiketi zile zile.

Kuna na jingine linalomgusa zaidi msafiri. Raghubir na Srivastava mwaka 2002 walionyesha kwamba kwenye sarafu ya kigeni mtu huishikilia namba iliyoandikwa na kusahau thamani yake. Ukitoka nchi ambayo bei zake ni za maelfu ukaingia kwenye euro, kila kitu kimeandikwa 4, 7, 12, na akili inasema ni kidogo. Unatumia ovyo. Ukienda Uswidi ukiwa umeshazoea euro, namba zinapanda, unaweza kuanza kubana hata pasipo sababu. MgeniNjoo utayaona yote mawili ndani ya safari moja.

Mzururaji
Dawa yake ni kugeuza kila bei kuwa pesa ya nyumbani kabla ya kununua.

BintiRisiti
Sikubaliani kaka. Mtu aliyeko kwenye nchi ya gharama akigeuza kila bei atashinda na njaa. Nimewaona, wanaruka milo na kutembea kwa miguu usiku mahali wasipopajua kwa sababu nauli "ni pesa nyingi kwetu". Weka kiasi cha siku kwa sarafu ya huko, kiandike, ukiheshimu basi. Kugeuza fanya mara moja nyumbani unapopanga.

Mzururaji
Na kwenye manunuzi makubwa? Koti, simu, zawadi?

BintiRisiti
Hayo geuza. Nasema chakula na nauli.

Mama_Mikoba
Zawadi zipangie fungu lake kabla ya kuondoka. Ndizo zinazomaliza pesa ya siku za mwisho, maana kila ukikumbuka jina unaongeza kitu.

MgeniNjoo
Nimeongea na kaka, anasema nisihangaike na krona kwa sababu nyumbani kuna noti alizoachiwa na mwenzake aliyehama zamani. Za mia na za mia tano. Hizo si zitanitosha nauli?

NdegeMhamaji
Mwambie aangalie picha kwanza. Noti ya mia ya zamani ina picha ya Carl von Linné, mwanasayansi wa mimea, ya mia tano ina mfalme Karl XI. Zote mbili ziliacha kuwa halali baada ya tarehe 30 Juni 2017. Zinazotumika sasa, mia ina mwigizaji Greta Garbo na mia tano ina mwimbaji wa opera Birgit Nilsson. Kama ni za zamani, benki kuu yao, Riksbank, hupokea maombi ya kuzikomboa lakini hutoza ada. Dukani hazipokelewi, na basi kama nilivyosema haipokei keshi hata iwe mpya.

Kibindoni
Ona sasa, na hii ndiyo nchi iliyotoa noti za kwanza Ulaya! Mwaka 1661, kupitia benki ya Stockholms Banco, kwa sababu pesa yao ilikuwa mabamba ya shaba, kubwa kabisa lilikuwa na uzito wa karibu kilo 20. Wakatengeneza karatasi ili watu wapumzike kubeba. Leo wanazikataa.

HesabuKwanza
Na benki hiyo ilianguka baada ya miaka michache kwa kutoa noti nyingi kuliko akiba. Riksbank ya 1668 ilizaliwa kutokana na hilo. Wajerumani kinyume chake, benki kuu yao, Bundesbank, hadi leo inakubadilishia maki za zamani, sarafu yao ya kabla ya euro, kuwa euro bila kikomo cha muda, maki 1.95583 kwa euro moja.

Kibindoni
Ndiyo maana nawapenda.

MgeniNjoo
Basi ninavyoelekea: naomba kadi ya sarafu nyingi, nakwenda na kadi ya benki kama akiba, na euro kiasi za keshi za wiki ya kwanza Ujerumani. Kadi ya benki ni ya debiti. Hoteli nimewaandikia kuuliza kama watakubali dhamana kwa keshi, bado hawajajibu.

Mzururaji
Umefanya vizuri, ila kadi ya benki ungeiacha.

Mama_Mikoba
Asiiache hata kidogo! Aiweke begi tofauti na ile nyingine. Na mwanangu, ukirudisha fomu tawini, usiondoke mpaka wakuonyeshe kwenye kioo kwamba wameiingiza.

Kibindoni
Euro chukua ndogo ndogo, za tano, kumi na ishirini. Noti ya mia mbili maduka madogo yanaweza kuikataa. Ya mia tano walishaacha kuitoa tangu 2019, ingawa bado ni halali.

BintiRisiti
Na sarafu za chuma utakazorudishiwa kama chenji zitumie kabla ya kutoka Ujerumani, kwenye mashine za tiketi za treni. Wabadilishaji wengi hawapokei sarafu za chuma, na Uswidi hazitakusaidia.