Zawadi za sikukuu za kutengeneza nyumbani, msimu huu wa korosho na embe: naombeni mawazo

mama_chuno:
Habari za jioni wadau wa Kusini. Niko Mtwara mjini, Chuno, na najua humu mpo wa Lindi, Masasi, Newala mpaka Nachingwea. Naomba mawazo yenu. Mwaka huu nataka zawadi za Krismasi na mwaka mpya tutengeneze wenyewe hapa nyumbani, mimi na watoto, maana shule zimefungwa wapo tu mchana kutwa, na kusema ukweli zawadi za dukani siku hizi naziona hazina moyo, mtu unampelekea seti ya glasi anaiweka kabatini na kadi yake, basi imeisha hiyo.

Ninaotaka kuwapa ni majirani wa hapa mtaani, wengi Waislamu, na kila Idi sinia la pilau linaingia kwangu mapema kabisa, halafu wakwe zangu wako Njombe, halafu mdogo wangu anaishi Ujerumani anakuja likizo na Januari anarudi, nataka abebe kitu cha nyumbani. Oveni sina, nina jiko la mkaa na la gesi la plate mbili. Hela ni ya mawazo. Na si zawadi tu, nipeni pia vile vitu vidogovidogo vya kufurahia na watoto kipindi hiki visivyo na gharama, sitaki sikukuu ipite wameangalia tivii tu.

Mbanguaji_Newala:
Dada karibu, umeuliza wakati wake. Mimi ushauri wangu wa kwanza, jirani wa Chuno usimpelekee korosho. Msimu huu kila nyumba ina korosho zake kwenye ndoo. Korosho peleka Njombe na Ujerumani, huko ndo utaona thamani yake.

Sasa kama unabangua mwenyewe fanya hivi. Tafuta bati au kikaango kikuukuu kitoboe matundu, washa kuni nje kabisa mbali na nguo zilizoanikwa, simama upande ambao upepo unakupiga mgongoni maana moshi wake unawasha macho vibaya. Koroga na mti mrefu bila kuacha. Mafuta ya ganda yatatoka na yatashika moto, hapo ndo penyewe, ukiona maganda yameshakuwa meusi mwaga zote chini kwenye mchanga uzifukie moto uzime. Zikipoa paka mikono majivu, gonga na jiwe kwa ubavu polepole itoke nzima. Watoto wasikae karibu mpaka zipoe, na wasiguse lile ganda bichi, mafuta yake yanababua ngozi kama moto, kuna watoto wanaenda shule na mdomo umebabuka kwa kung'ata korosho mbichi. Kazi yao iwe kumenya ile ngozi nyembamba ya ndani, hiyo wanaiweza na wanaipenda.

Zilizotoka nzima ndo za zawadi, vipande weka pembeni kuna kazi nyingine. Hizo nzima koroga chumvi kijiko cha chai kwenye maji robo kikombe, nyunyizia kama kilo moja hivi, ziache zinywe, kisha geuza kwenye sufuria kwa moto mdogo sana wa mkaa uliokwisha nguvu. Zikianza kubadilika rangi kidogo tu ipua, zitaendelea kuiva zenyewe kwenye joto la sufuria. Halafu subiri zipoe kabisa ndo ufunge, hapa ndo watu wanaharibu, wanafunga zina joto, kopo linatoa jasho, wiki haiishi zimelegea.

Na usimfungashie mtu korosho ghafi zenye maganda hata kama ni za shamba lako. Zile zinapitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na mnada wa stakabadhi ghalani, ukikutwa na kiroba kwenye basi unaonekana kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, na sikukuu yote ni maelezo.

BintiMikindani:
Kaka wa Newala kamaliza. Mimi niingie kwa majirani. Vile vipande alivyosema weka pembeni tengeneza kashata. Sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, vipande vya korosho vikombe viwili, iliki umetwanga mwenyewe, ile ya paketi haina harufu. Sukari na maji weka motoni acha, usikoroge koroge, ikianza povu zito na rangi inaelekea asali tia korosho na iliki, geuza haraka, mwaga kwenye sinia ulilopaka mafuta, sawazisha na chupa nayo umeipaka mafuta, kata ikiwa bado ya moto maana ikipoa inavunjika hovyo. Ila Desemba hapa kwetu hewa ina unyevu sana, kashata ikilala wazi asubuhi inanata, kwa hiyo pika tarehe 24, funga moja moja kwenye karatasi, tia kwenye kopo la kufunika, gawa siku hiyohiyo jioni.

La pili ni achari ya embe. Chukua embe mbichi zile ngumu, dodo au sindano yoyote ilimradi haijaanza njano, kata na ganda lake, chumvi ya kutosha, anika juani kwenye ungo na kitambaa chepesi juu nzi wasitue. Mvua zimeshaanza so usizitegee mgongo, ukiona wingu toka Mozambique huko linapanda ingiza ndani. Zikinyauka, kaanga kitunguu saumu, bizari, mbegu za haradali na pilipili kwenye mafuta, tia embe na siki kidogo, chupa. Hii anza mapema maana achari ya siku moja haijakaa sawa, inataka wiki mbili ikae ijikolee.

Mimi kila mwaka nawapelekea majirani chupa ya achari na sahani ya kashata, na watoto ndo wanapeleka. Mtoto akipeleka anajifunza kubisha hodi, kusalimia shikamoo, kusubiri aambiwe karibu. Anarudi na sahani ina kitu, hairudi tupu.

Mbena_Lindi:
Mama Chuno mimi kwetu ndo Njombe, kazi tu imenileta Lindi, acha niwasemee wakwe zako. Kule matufaha, mapeasi, parachichi, viazi, vyote wanavyo, na Desemba ni mvua na kibaridi. Wasichokuwa nacho ni vya pwani: nazi, korosho, embe. Mimi nikienda nyumbani nabeba nazi kavu na mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani, mama yangu anapaka mwili mzima na anagawia majirani kwa kijiko.

Yale mafuta rahisi tu. Ikune nazi kwenye mbuzi, kamua tui zito lile la kwanza na la pili, liache usiku kucha mafuta yapande juu, asubuhi engua ule utando, chemsha moto mdogo mpaka maji yaishe na uone machicha ya kahawia yametuama chini, chuja kwa kitambaa safi. Ukitupia asumini au mrehani uliokauka kabla hujachuja inanukia. Lakini waambie wakwe mapema: mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda yanakuwa meupe. Huku Mtwara kwa joto hili la Desemba huoni, Njombe yanafika asubuhi yamekuwa jiwe, mtu anadhani umempa mafuta ya kupikia yaliyoharibika. Andika kikaratasi: weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Na tumia chupa yenye mdomo mpana.

Embe zikisafiri njia ya Masasi, Tunduru, Songea ni mwendo mrefu, chuma zilizokomaa ila bado ngumu, kila moja gazeti lake, boksi lenye matundu. Zitaivia kwa mkwe.

MwlNachingwea:
Nilisoma Ujerumani kipindi fulani, nikaona Desemba zao zaidi ya mara moja, so kwa mdogo wako nina la kusema.

Kwanza vitu asivyoweza kuingia navyo. Nyama na maziwa hapana kabisa. Embe, hata iwe tamu vipi, hapana, tangu mwisho wa 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda analobeba abiria, yaliyoachwa huru ni nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani tu. Asali anaruhusiwa, isizidi kilo 2. Asali ya misitu ya Liwale na huku kwetu ni zawadi nzito kweli, kule wanaila na mkate asubuhi. Korosho zilizokaangwa hazina shida, na kashata.

Pili, zawadi za mikono kule ni kitu cha kawaida mno na wanaziheshimu. Wiki nne kabla ya Krismasi kila nyumba inaoka vibiskuti vidogo, wanavigawa kwenye makopo ya bati kwa majirani na walimu wa watoto. Giza linaingia saa kumi jioni, baridi inauma, watu wamejifungia ndani, kwa hiyo wamejitengenezea vitu vya kuwasha na vya kunusa. Wana lile shada la majani lenye mishumaa, wanawasha mmoja kila Jumapili mpaka inatimia minne, lilianzia Hamburg mwaka 1839 kwa mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa analea watoto maskini na wao kila siku wanamuuliza Krismasi lini. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto wanaweka viatu mlangoni, asubuhi wanakuta machungwa na karanga ndani.

Sasa hapa kuna kitu cha kufanya na watoto. Chungwa na karafuu. Unachukua chungwa gumu, unatoboa na sindano nene, unachomeka karafuu moja moja mpaka limejaa lote, au unachora nyota. Wanafanya sana kule, harufu yake inajaa chumba. Kwetu karafuu ndo nyumbani kwake, wao wanainunua. Ila kwa joto la Mtwara chungwa likibaki na nafasi wazi linaota ukungu, so lijazwe karafuu kabisa, libiringishwe kwenye mdalasini wa unga, lining'inizwe mahali pa upepo.

Na hii ya viberiti: wana kalenda ya siku 24, kila siku mtoto anafungua kijumba kimoja. Kusanya visanduku vya kiberiti vitupu, gundi, karatasi za rangi, namba juu. Ndani tia ubuyu, kipande cha kashata, au kikaratasi kimeandikwa "leo tunaenda baharini". Hata kama mnaanza mmechelewa anzeni na 12. Vile vikaratasi ndo walivyokuwa wanavifurahia kuliko pipi, nimeshuhudia kwa watoto wa nyumba niliyokuwa napanga.

ukili_msuka:
Mfuko wa nailoni usitumie kufungia kazi nzuri hivyo. Suka ukili mwembamba wa miyaa, shona kikapu kidogo cha kubeba chupa moja na kopo moja. Mwenye mkono anamaliza kwa jioni kadhaa, asiyejua aende kwa mama yeyote anayesuka mikeka, vikapu vidogo hawauzi ghali. Miyaa iloweke kwenye rangi kabla ya kusuka siyo baada.

babu_wa_Lindi:
Wanangu nimewasoma wote. Mmeongea zawadi, za kufurahi na watoto mmezipita mbio.

Siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, wapeleke pwani asubuhi, maji yakikupwa watembee kule chini wakaone pweza anavyojificha, waokote makombe, wakirudi wale embe mbichi na chumvi na pilipili. Wapeleke wakaone mikrismasi ilivyowaka nyekundu barabarani, waokote maua waipambe mlango, hakuna haja ya mti wa plastiki. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ya mwisho mwisho yapo bado, wayaoshe, wayaloweke kwenye maji ya chumvi kidogo, wakamue kwa kitambaa, na ukichanganya na maji ya wali ukaacha litulie, ukakasi unashuka chini na juu linabaki juisi safi. Lakini linywewe siku hiyohiyo, likilala linachachuka linakuwa uraka, hiyo siyo ya watoto. Na wavae nguo za kazi, doa la bibo halitoki.

Halafu zawadi mliyosahau ni mche. Mvua ndo imeanza, ardhi inapokea. Chukua mbegu za korosho, zitupe kwenye ndoo ya maji, zinazoelea acha, zilizozama ndo za kupanda. Mkitaka mbegu bora Naliendele hapo Mtwara ndo kituo cha utafiti wa korosho, waulizeni. Kila mtoto apande wake kwenye kopo lenye matundu, jina lake juu, ampe jirani au bibi yake. Mikorosho niliyopewa na marehemu mjomba wangu siku ya mwaka mpya bado inazaa, na kila msimu nikiokota namuombea dua.

mama_chuno:
Babu shikamoo, na wengine wote Mungu awabariki, nimenakili kila kitu kwenye daftari. Majirani achari na kashata, Njombe mafuta, korosho na nazi, mdogo wangu korosho na asali kwenye kikapu cha ukili, mche nampa mama yangu Mikindani. Viberiti watoto washaanza kuvitafuta mtaa mzima. Swali moja, chupa za achari natumia za jamu zile za zamani, harufu haitaingia?

BintiMikindani:
Za jamu safi kabisa dada. Osha na maji ya limau, chupa na vifuniko vyote chemsha kwenye sufuria kama dakika kumi, pindua juu ya kitambaa zikauke kabisa, tone la maji likibaki achari inaota ukungu. Kifuniko chenye kutu tupa. Na mafuta yapite juu ya embe, usiache kipande kinachungulia. Ukikwama kwenye bizari njoo DM nikuelekeze vipimo vya mama.