MJADALA: Wahadzabe na Wasandawe watambuliwe rasmi, au usawa wa raia wote unatosha?

Wanajamvi, salaam kutoka Dodoma.

Hapa makao makuu kila hoja ya ardhi ya jamii ndogo ikiibuka, inazimwa kwa jibu moja: Watanzania wote ni wa asili, hakuna wa asili zaidi ya mwenzake. Mwaka 2007 nchi yetu ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili, lakini ndani ya mipaka yetu hakuna jamii iliyotambuliwa hivyo mpaka leo. Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki za watu hao, nao hatujauridhia.

Msimamo wangu nausema mapema. Jina la kuwaita nawaachia wengine. Ninachodai ni ardhi yao ipimwe na kuandikwa kwa jamii nzima, kwa mpango maalumu wa Serikali, kabla haijaisha.

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushee tu, wamezunguka Ziwa Eyasi kuanzia Mang'ola na Yaeda Chini mpaka Munguli, wilayani Mkalama, Singida. Baadhi yao bado wanategemea nyama ya porini, mizizi, ubuyu na asali. Sasa soma Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999: katika tafsiri yake, ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumika inaingizwa kwenye ardhi ya jumla, yaani iliyo mikononi mwa Serikali Kuu badala ya kijiji. Nani anaamua kwamba haitumiki? Kijana wa Kihadzabe anapomfuata mlembe, anampigia mluzi, ndege anaitikia na kumtangulia mti kwa mti mpaka kwenye mbuyu wenye nyuki. Anagongomea vigingi kwenye shina, anapanda na kijinga cha moto, anashuka na masega. Akishaondoka, alama pekee ya matumizi ya eneo lile ni vile vigingi. Mpima ardhi anayetafuta matuta ya mahindi ataandika kwamba ni pori tupu.

Tena Katiba haizuii. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi wa kabila, lakini ibara hiyohiyo inasema hatua za makusudi za Serikali za kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Na Bunge Maalumu la Katiba lililokaa hapahapa Dodoma mwaka 2014 lilipitisha Katiba Inayopendekezwa ikiwa na haki za makundi madogo. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na tangu hapo kimya.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Chang'ombe, Dodoma:
Mleta mada, mimi ni Mgogo, na nchi hii unayokalia ilikuwa mashamba yetu ya mtama na uwele. Mwaka 1973 ikaamuliwa mji mkuu uje, mashamba yakageuzwa viwanja. Baba yangu alizungushwa na fidia mpaka akachoka. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa Mei 2017, malalamiko ya ardhi yakiwa mengi mno. Nani alitutengenezea mpango maalumu? Ukiwapa Wahadzabe leo, kesho watakuja Wabarbaig, wale wafugaji wa Hanang, keshokutwa sisi, kisha kila kabila litadai mipaka yake. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza watu makabila yao, na iliachwa kwa hekima. Umoja huu tusiuchezee.

Mchangiaji wa Chemba:
Mimi ni Msandawe. Kwanza usituunganishe na Wahadzabe kwa sababu lugha zote mbili zina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, wataalamu hawajathibitisha kwamba ni za ukoo mmoja. Sisi tunalima na kufuga siku nyingi. Lakini kuna jambo nataka watu wa mjini walisikie. Bwawa la Farkwa linalokusudiwa kuleta maji Dodoma linahitaji vijiji vya Mombose na Bubutole vihame. Maji mnayahitaji, sibishi. Mthamini akija anaandika nyumba, anaandika miti ya kupandwa, anaongeza posho ya usumbufu na ya usafiri. Mzinga uliotundikwa mtini atauhesabu kama chombo. Lile pori ambalo nyuki wanalisha, na ambalo bibi zetu wanachimba mizizi na dawa mwaka wa njaa, anaandika wapi? Hapo ndipo nataka mjadala uende.

Mchangiaji wa Singida Mjini:
Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii mpaka nikastaafu. Hati mnaweza kuandika, swali ni nani atazuia ng'ombe kiangazi? Mfugaji mwenye kiu hasomi hati. Na mpango maalumu ukishapitia wilayani, nusu yake huishia kwenye semina.

Mleta mada:
Mzee wa Singida, shikamoo. Hoja ya ng'ombe ni nzito. Ila bonde la Yaeda lina jibu la kuanzia. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji ya nje ilipewa eneo lile na ikajitoa mwaka huohuo baada ya kelele kubwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa huko walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliyokuwepo siku zote. Sasa wanapata fedha za biashara ya kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayobaki kwenye miti, kwa kuutunza msitu, na wana askari wa kijiji wanaoulinda. Mifugo bado inaingia, lakini wana karatasi ya kumwonyesha mkuu wa wilaya. Asiye na hati anakwenda kuomba tu.

Ndugu yangu wa Chang'ombe, uchungu wa baba yako ni wa haki kabisa, na ndiyo maana sikubaliani na hitimisho lako. Umewataja Wabarbaig. Kule Hanang mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Canada, yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho yao. Walipokwenda kortini, Mahakama ya Rufani mwaka 1985 iliamua dhidi ya kijiji cha Mulbadaw, na moja ya sababu ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Mbarbaig, Hanang, anatakiwa athibitishe kwamba ni mwenyeji! Kwa hiyo hili jibu la kwamba sote ni wa asili lina nguvu mtu anapodai ulinzi, lakini halikumsaidia alipokuwa ananyang'anywa. Mimi siwezi kuuita huo usawa.

Dada wa Chemba (kama ni kaka uniwie radhi), nakuunga mkono: kanuni za fidia zirekebishwe, pori linalolisha watu lithaminiwe kama shamba. Hilo halihitaji katiba mpya, linahitaji Waziri wa Ardhi na kalamu.

Kama humu yupo mtu wa Munguli, au anayefahamiana na mjumbe wa halmashauri ya kijiji kule, aje atueleze ni eneo lipi limeshapimwa na lipi bado. Hapo tutajua tunamwandikia nani barua.