Vidonge vya majira na uvimbe kwenye ini: niache au niendelee?

MamaNasra_Tabata
Habari zenu wadau. Nina miaka 28, nauza vitenge Kariakoo. Majira nimeanza kumeza Nasra alipotimiza mwaka, na sijawahi kupumzika. Juzi wifi yangu kaenda kupiga ultrasaundi, maumivu chini ya mbavu za kulia, wakamkuta na uvimbe kwenye ini. Daktari kitu cha kwanza kamuuliza: unameza vidonge vya uzazi wa mpango? Anameza, tena kanitangulia. Kaambiwa aache siku hiyohiyo. Sasa mama mkwe ananiambia na mimi nitupe. Pakiti ninayo hapa, nimebakiza vile vya kahawia vya madini ya chuma. Nikitupa, mimba ya mwezi ujao atalea nani? Naomba mwenye kujua, sio wa kunitisha.

shosti_Mbagala
Mi niliacha kitambo. Yale madude yanajazana tumboni mpaka yanakuwa uvimbe. Rudi kwenye kalenda mama.

MamaNasra_Tabata
Kalenda ndiyo iliyonipa Nasra, shosti.

NesiTemeke
Hahaha. Vidonge havijazani popote, vinayeyuka kama dawa nyingine. Ila hili la ini si uzushi. Mwaka 1973 madaktari wa Michigan, Marekani, waliripoti wanawake 7, wote watumiaji wa vidonge, waliokutwa na uvimbe wa ini unaoitwa adenoma. Wenyewe si saratani, ingawa mara chache hugeuka. Ubaya wake una mishipa mingi ya damu. Ukikua unaweza kupasuka ukavujia tumboni. Chakula chake ni estrojeni, homoni ya kike iliyomo kwenye vidonge.

Sasa geuza pakiti usome nyuma. Utakuta ethinylestradiol, ndiyo hiyo estrojeni, 0.03 mg, yaani mikrogramu 30. Enovid, vidonge vya mwaka 1960 vilivyotumika kuzuia mimba, ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni ya aina yake. Bibi zetu walimeza moto! Hata hivyo makadirio yanayotajwa kwa waliotumia muda mrefu ni wanawake 3 hadi 4 kati ya 100,000 kwa mwaka. Wasiotumia, kama 1 kwenye milioni. Kwa hiyo hatari ipo, ila ni ndogo mno, na wifi si damu yako. Kama huumwi, endelea. Ukitaka kubadili, nenda kliniki ukiwa bado unameza, usiache katikati ukakaa hivihivi.

Maumivu makali ya ghafla upande huo wa kulia pamoja na kizunguzungu, hapo usisubiri kukuche.

Kinachonikera mimi: tunakimbia majira, homa ya ini B hatupimi. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, wewe ulishazaliwa. Homa hiyo ya ini, pamoja na sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi yaliyoota ukungu, ndivyo vinavyoleta saratani ya ini huku kwetu. Kapime.

MamaNasra_Tabata
Nimesoma, kweli 0.03. Asante dada nesi. Na wifi je? Karatasi yake imeandikwa sentimita 4.2. Analia tu, anasema atapasuliwa.

NesiTemeke
Adenoma isiyofika sentimita 5, kwa mwanamke, mara nyingi huachwa. Anasimamisha estrojeni, picha inarudiwa baada ya miezi kadhaa, na nyingi hunywea. Kuzuia mimba aende na kitanzi cha kopa, hakina homoni kabisa. Na akitaka mtoto aongee kwanza na daktari, maana mimba nayo ina estrojeni yake.

Lakini kwani karatasi imeandika ni adenoma? Au imeandika uvimbe tu?

MamaNasra_Tabata
Uvimbe tu.

NesiTemeke
Basi bado hajajulikana ana nini. Uvimbe unaokutwa sana kwenye ini ni hemanjioma, kifundo cha mishipa ya damu, na wengi wanaishi nacho mpaka uzeeni bila kujua. Ultrasaundi peke yake mara nyingi haitoshi kutofautisha. Arudi aombe picha ya kina zaidi, CT ya kuchomwa dawa au MRI, na kipimo cha homa ya ini B siku hiyohiyo. Majira asirudie mpaka majibu yatoke.

shosti_Mbagala
Nesi, hiyo homa ya ini B inapimwa wapi, na ni lazima kufunga kula?

NesiTemeke
Hata kituo cha afya chako uliza, wengi wanacho. Ni damu kidogo tu, kula chai yako.